Vigari vinne, mikono miwili ya roboti, kichochoro kimoja: vinakwama vikitazamana. Naomba msaada

FundiWaIsevya (Tabora)

Mwangaluka wana jukwaa. Maelezo yangu ni marefu, naomba mnivumilie. Kila nikifupisha watu wananijibu "weka kihisi", na vihisi ninavyo.

Mimi ni fundi umeme wa viwandani, niko Isevya hapa Tabora mjini. Mwaka wa pili huu nafanya kazi na kikundi cha wafugaji nyuki wanaoleta asali kutoka Sikonge kwa ndoo za lita 20. Karakana yetu ilikuwa stoo, mita 9 kwa 6, sakafu ya saruji. Humo tunachuja, tunajaza chupa, tunafunika, tunabandika lebo na kupanga kwenye maboksi.

Shida ni kwamba hatuna bidhaa moja. Asubuhi inaingia oda ya chupa za robo kilo za asali ya nyuki wadogo, ambayo ni nyepesi na inashuka kama maji. Saa moja baadaye wanataka chupa za kilo za asali ya nyuki wakubwa, nzito. Kuna mnunuzi ambaye hataki lebo yetu, na kuna mwingine anayetaka kila chupa irudi kwenye mizani baada ya kufunikwa. Ukijenga mkanda wa kusukuma chupa kwa mstari mmoja kama viwanda vya soda, oda ya pili tu imeshaushinda. Ndiyo maana nikaamua kuunda vigari.

Vipo vinne. Mota ni za wipa za magari, nimezitoa kwa wauza spea chakavu. Betri za volti 12, bodi ni ESP32, kijikompyuta kidogo chenye waifai ndani yake. Kila kigari kinafuata utepe mweusi uliobandikwa sakafuni na kubeba trei ya chupa 6, mwendo wake kama sentimita 30 kwa sekunde. Mikono ya roboti ni miwili: mmoja upo kwenye kujaza, wa pili kwenye kufunika. Vyote vinaongea na kompyuta moja kwa waifai, kwa MQTT, yaani utaratibu wa vifaa kutumiana ujumbe mfupi mfupi. Kimoja kimoja vinafanya kazi vizuri, naweza kukaa nikakitazama kigari kimoja siku nzima.

Ugomvi unaanza vikiwa pamoja. Kati ya upande wa kujaza na upande wa kufunika kuna kichochoro cha mita 3, upana sentimita 70, kwa sababu pipa kubwa la kutulizia asali limekaa hapo na haliwezi kuhama. Kigari kimoja kinapita. Viwili vikiingia kila kimoja kwa upande wake, vinakutana katikati, vinasimama sentimita 20, vinatazamana. Vya nyuma navyo vinaziba mdomo.

Niliyojaribu mpaka sasa:

Kwanza, nilivifundisha kurudi nyuma. Vyote viwili vinarudi, vyote vinasubiri sekunde 5, vyote vinaingia tena. Nikaweka muda wa kusubiri usio sawa, ikapungua, haikuisha.

Pili, nikatunga ratiba kama ya mabasi. Mwezi wa nne ilikwenda vizuri, mpaka nikajisifu kwa mama mwenyekiti. Ulipoingia mwezi wa sita, asubuhi na baridi ile, asali ikagoma kushuka. Chupa iliyokuwa inajaa kwa sekunde 9 sasa inachukua 20 na zaidi, na ifikapo saa sita mchana imerudi 9. Ratiba ikafa.

Tatu, nikaiambia kompyuta itoe ruhusa ya kuingia kichochoroni. Kigari kinaomba, kinapewa, kikitoka kinarudisha. Nikaweka na saa: ruhusa isiporudi ndani ya sekunde 15, ihesabiwe imerudi, kwa sababu waifai yetu inakatika. Wiki iliyopita kigari kimoja kilizima katikati ya kichochoro, saa ikaisha, kompyuta ikampa mwenzake ruhusa. Akamgonga kwa nyuma akiwa na chupa sita za kilo ambazo hazijafunikwa. Sisimizi walifika kabla hatujamaliza kupiga deki.

Halafu kuna mkwamo wa pili ambao sijauelewa kabisa. Kwenye kufunika, mkono umeshika chupa iliyokwisha kufunikwa, unasubiri trei yenye nafasi. Mbele yake kimesimama kigari chenye trei iliyojaa, kinasubiri mkono ukipunguzie chupa. Hakuna kilichoharibika na hakuna kinachosogea. Juzi niliwakuta hivyo niliporudi kula, sijui walikuwa wamesimama muda gani.

Kikundi kimeweka fedha zake humu, fedha za masega na mizinga ya watu. Nataka nikitoka pale nisiwaachie mashine inayohitaji mtu mwenye fimbo. Mnavipanga vipi vyote vinne visikwame?

---

Kijana_Roboti (Mwanza)

Dada hongera sana, mota za wipa ni akili kubwa. Mimi ningekushauri kila kigari kijitafutie njia chenyewe badala ya kufuata utepe. Kuna mbinu inaitwa A*, ilitolewa Marekani mwaka 1968 na Hart, Nilsson na Raphael wakiwa na roboti yao kule Stanford. Unaigawa sakafu miraba, kigari kinahesabu njia fupi kuliko zote inayokwepa vizuizi. Weka kamera juu ya dari iwaone wote.

---

FundiWaIsevya

Asante mdogo wangu. Hiyo mbinu nimeisoma na ni nzuri, lakini inajibu swali la kigari kimoja: nipite wapi? Mimi njia naijua, ni moja, inapita ubavuni mwa pipa. Na kamera itaniambia kwamba wamekwama, jambo ambalo nalisikia hata nikiwa nje kwa jinsi mota zinavyonyamaza. Swali langu ni nani apite kwanza, na yule mwingine asubiri *wapi*.

---

Mstaafu_wa_Reli (Kigoma, Mwanga)

Binti, nimesomewa ujumbe wako na mjukuu wangu, na mimi ndiye ninayesema haya, yeye anaandika. Roboti sizijui. Ila kichochoro chako nakijua, nimekaa nacho miaka 31.

Tangu reli ilipofika hapa Kigoma mwaka 1914, kutoka kwenu Tabora ilikofika 1912, ni njia moja. Treni inayokwenda na inayorudi zinakanyaga vyuma vile vile viwili, upana wake milimita 1,000. Zinapishana stesheni tu, palipo na njia ya pembeni. Nimekuwa stesheni masta kwenye njia hiyo, Usoke, Kaliua, Nguruka, Uvinza. Treni haziwezi kurudi nyuma kama vigari vyako na wala haziwezi kusimama sentimita 20. Treni ya mizigo iliyojaa, dereva akiona taa ya mwenzake mbele, ameshachelewa. Kwa hiyo sisi hatukuweza kutegemea macho. Nitakwambia mambo matatu.

La kwanza umeshalifikia: kibali. Lakini umelielewa nusu. Wewe unampa kigari kibali. Sisi kibali kilikuwa mali ya kipande cha reli, baina ya stesheni hii na ile, na kilikuwa kimoja. Dereva anakiazima tu. Asiye nacho mkononi haondoki, hata kama anaona reli nyeupe mpaka upeo wa macho.

La pili, saa yako ya sekunde 15 uivunje leo. Kibali hakirudi kwa sababu kimechelewa. Kikichelewa ndiyo kwanza unapaswa kuogopa, maana kuna kitu kimekishika huko. Mwaka 1984, masika, nilikuwa kijana, kwenye stesheni moja sitaitaja. Treni ilipaswa kufika saa 4 usiku, saa 6 haijafika, na simu ya waya imekatika. Upande wangu kuna treni ya abiria imesimama, watoto wanalia, watu wananifokea dirishani. Nikamwambia mkubwa wangu, mzee, ile itakuwa imelala kule kule haikuondoka, tuwaruhusu hawa. Akanitazama tu. Akamwita mtu wa zamu, akampa taa, akamwambia tembea na reli mpaka uikute. Alirudi alfajiri. Injini ilikuwa imekufa kwenye kona, kilomita 8 kutoka tulipokuwa, haina taa hata moja. Watoto waliokuwa wanalia wale sasa ni watu wazima.

La tatu ndilo watu wa nje hawalijui. Kabla hujaruhusu treni iondoke, usiangalie tu kama njia ni tupu. Uliza: kule inakokwenda kuna mahali pa kuiweka? Stesheni ina njia mbili. Zote mbili zikiwa na treni zinazotaka kuja kwako, na wewe ukawatumia ya tatu, basi umewafunga. Ya tatu haiingii, zile mbili hazitoki. Treni ya kuja Kigoma huizuii ikiwa imeshafika Kaliua kwenye njia panda ya Mpanda, pamejaa. Unaizuia Urambo, pangali na nafasi. Abiria watakasirika kusimama Urambo bila sababu wanayoiona. Wewe sababu unaiona.

Sasa niambie, kila upande wa kichochoro chako vigari vinaweza kusimama vingapi bila kumziba mwenzake? Hilo hujalisema.

---

FundiWaIsevya

Shikamoo mzee wangu.

Nimesoma ujumbe wako nikiwa karakana, nikaacha kazi, nikachukua chaki. Upande wa kujaza kuna vituo viwili: pa kuchukulia chupa tupu, na pa kujazia. Upande wa kufunika viwili: pa kufunikia, na pa lebo na maboksi. Kila kituo kina mchepuko wake, kigari kikiingia hakizibi njia.

Viwili na viwili, vinne. Na vigari ninavyo vinne.

Miezi yote hii nimekuwa nikirekebisha programu. Vikiwa viwili huku na viwili kule hakuna ruhusa yoyote duniani itakayosaidia, kwa sababu anayetoka hana pa kufikia. Ilikuwa inafanya kazi pale tu ambapo kimoja kilikuwa kimechelewa na kuning'inia njiani.

---

Mstaafu_wa_Reli

Marahaba mwanangu. Umeona sasa. Ama utoe treni moja, ama ujenge njia moja ya pembeni.

---

MtuWaUjiji (kwa sasa Ujerumani)

Nimezaliwa Ujiji, nafanya kazi kwenye ghala lenye magari yasiyo na dereva zaidi ya mia moja, kazi yangu ni programu inayoyapa amri. Nimemsoma mzee mara mbili, ya pili nikamsomea mwenzangu wa meza ya pili kwa kutafsiri. Hayo mambo matatu ndiyo sisi tunalipwa kuyafanya. Nitaongeza ya upande wangu, dada, uchukue yatakayokufaa.

Mkwamo wa namna yako una masharti manne, Coffman na wenzake waliyapanga mwaka 1971 wakizungumzia kompyuta. Kitu kinatumiwa na mmoja kwa wakati. Mtu anashika alicho nacho huku anasubiri kingine. Hakuna wa kumnyang'anya. Na wanaosubiriana wanafanya duara. Yote manne yakutane ndipo mkwamo unatokea. Ukivunja moja tu, haupo. Kwa hiyo huna haja ya kupambana kila mahali, chagua sharti lililo rahisi kuvunjika hapo ulipo.

Kichochoroni, la kwanza halivunjiki, pipa ni pipa. Vunja la pili: kigari kisiombe kichochoro peke yake. Kiombe kichochoro *na* kituo cha kufikia, kwa pamoja, kipewe vyote au kinyimwe vyote. Hiyo ndiyo Urambo na Kaliua ya mzee kwa lugha ya programu.

Mkono wa kufunika ni ugonjwa ule ule. Mkono umeshika chupa, unataka nafasi kwenye trei. Trei imeshika nafasi, inataka mkono. Duara la watu wawili. Una dawa mbili. Moja: mkono usiinue chupa kabla hapajahifadhiwa mahali pa kuiweka. Mbili: weka kando yake kijimeza cha kupumzishia, hata cha chupa moja tu. Ukikuta umekwama, chupa inawekwa pale, mkono unabaki mtupu, duara limekatika. Mimi ningeweka zote mbili. Kipande cha mbao kinaokoa usiku mwingi wa kuandika programu.

Hesabu yako ya vituo vinne: chupa zako zikienda kwa mzunguko mmoja, tupu, jaza, funika, lebo, kisha kurudi kwenye tupu, basi vigari vitatu kwenye vituo vinne haviwezi kufungana. Daima kuna kituo kimoja kitupu, na aliye nyuma yake anasogea. Vinne kwenye vinne, kwa kuwa havina namna ya kubadilishana nafasi kwa pamoja, haisogei.

Ila ile oda ya kurudi kwenye mizani inakwenda kinyume na mzunguko, hapo uangalifu unahitajika. Dijkstra alitoa mbinu mwaka 1965 akatumia mfano wa mwenye benki. Mwenye benki mwangalifu hakopeshi kwa kuwa fedha zipo sandukuni. Anajiuliza: nikimkopesha huyu, bado kuna mpangilio ambao kila mteja atapata chote anachohitaji amalize na arudishe? Ukiwepo, anatoa. Usipokuwepo, anamwambia subiri, ingawa sanduku halijaisha. Kwa vigari vitatu kompyuta yako inajaribu mipangilio yote kabla hujapepesa. Sisi kwenye mia hatuwezi kujaribu yote, tunatumia njia za mkato, na wakati mwingine tunawasubirisha watu bure.

Ujerumani kuna kanuni za pamoja zinaitwa VDA 5050, zimetungwa ili magari ya watengenezaji tofauti yapokee amri kutoka programu moja, na zinatumia MQTT hiyo hiyo uliyoichagua. Nakutajia kwa sababu ya jambo moja. Amri ya safari ina sehemu mbili: ya mbele ambayo gari limeruhusiwa kabisa kuipita, na ya mbali zaidi ambayo ni kusudio tu. Gari linajua safari yote lakini linasimama mwisho wa sehemu iliyoruhusiwa mpaka iongezwe. Kwako ingekuwa: kigari kinajua kinakwenda lebo, lakini ruhusa yake inaishia mdomoni mwa kichochoro.

Kuhusu waifai. MQTT ina kitu kinaitwa wosia. Kigari kikiunganishwa kinaacha ujumbe kwa msimamizi, yaani programu inayopokea na kusambaza ujumbe wote: nikipotea bila kuaga, watangazie hivi. Msimamizi asipokisikia kwa muda wa mara moja na nusu ya ule mliokubaliana wa kusalimiana, anatangaza. Tumia wosia huo kufunga kichochoro na kuwasha taa nyekundu. Usiutumie kurudisha kibali, mzee ameshasema kwa nini. Kibali kirudishwe na kigari chenyewe kikishasoma alama ya kutokea upande wa pili, au na mkono wa mtu aliyekwenda kuangalia.

Na tafadhali: kitufe chekundu cha kusimamisha, pamoja na bampa ya mbele, vikate umeme wa mota moja kwa moja kwa waya juu ya kigari. Visipitie kompyuta wala waifai. Usalama wa mguu wa mtu hausubiri ujumbe.

---

Nyuki_Mdogo (Tabora)

Mimi si fundi, nafanya kazi ya kufungasha, si kwa dada huyu, mahali pengine. Ninachouliza: sisi watu je? Kwetu hivyo vitu vinapishana vyenyewe kwa vyenyewe vizuri tu, lakini mtu akitaka kupita na ndoo kichwani hajulikani ni nani. Mimi nimeshaguswa kisigino mara mbili. Kwenye maelezo yote hapo juu sijaona mtu.

---

FundiWaIsevya

Dada, umenigusa mahali. Kwenye programu yangu mtu hayupo. Mama zetu hupita kichochoroni kila baada ya dakika chache kwenda kufungua koki ya pipa, na mimi nimekuwa nikiwaambia "vitasimama vyenyewe". Pole sana kwa kisigino.

Mzee, nyie watu wa kukagua reli kwa miguu na wale wa toroli walikuwa wanafanyaje?

---

Mstaafu_wa_Reli

Toroli ya kusukuma kwa mikono, yenye watu wanne na nyundo, ilikuwa inachukua kibali sawa na treni yenye behewa 20. Kipande hakiulizi uzito. Mtu akishika kibali, kipande kina mwenyewe.

---

FundiWaIsevya (siku kumi na mbili baadaye)

Narudi na taarifa, kwa sababu nimewahi kusoma mijadala mingi humu inayoishia njiani na sijawahi kuipenda.

Kigari cha nne nimekiondoa kwenye mzunguko. Kinakaa kwenye chaji, na mwenzake yeyote akishuka betri wanabadilishana. Hili la kubadilishana sikulipanga, limejileta, na limenitatulia tatizo la chaji ambalo nilikuwa nimeliacha kwa baadaye. Niliogopa kumwambia mama mwenyekiti kwamba kigari alichokilipia kinatolewa ili kazi iende haraka. Nikamchorea vituo vinne kwa chaki, nikampa vifuniko vinne vya chupa, nikamwambia avizungushe bila kuinua viwili kwa pamoja. Akajaribu. Akatoa kimoja mwenyewe.

Ruhusa sasa inaombwa kwa pamoja, kichochoro na kituo. Ile saa ya sekunde 15 nimeifuta. Badala yake, kigari kikinyamaza taa nyekundu inawaka juu ya pipa na hakuna kinachoingia mpaka mtu aende. Ilitokea mara mbili wiki iliyopita, zote mbili ni rauta yetu ilizima umeme ulipokatika, vigari vikabaki hai kwa betri. Mara ya kwanza nilijilaumu kwa kuifuta ile saa, kwa vile kazi yote ilisimama dakika nne. Halafu nikakumbuka yule aliyetembea na taa mpaka alfajiri, nikainuka nikaenda. Kigari kilikuwa katikati ya kichochoro, kimetulia, kimebeba chupa zake.

Kijimeza cha kupumzishia ni kipande cha mbao chenye shimo la duara moja, nimekifunga kwa skrubu mbili. Mkono wa kufunika haujakwama tena. Nimeuwekea na sharti la kutoinua kabla ya kujua pa kuweka. Kwa kweli hilo sharti peke yake lilitosha, mbao imetumika mara moja tu, mkono ulipodondosha kifuniko.

Oda za mizani bado nazifanya polepole. Nimeandika ile hesabu ya mwenye benki, na inawazuia vigari mara nyingine ambapo kwa macho naona wangepita. Nimekaa na karatasi kuthibitisha na kila mara yeye ndiye mwenye haki: angepita yule, wa tatu angefungiwa. Asubuhi za baridi ndiyo naipenda zaidi, kwa sababu haijali asali inashuka kwa sekunde 9 au 20. Haitegemei saa kabisa, inategemea nani yuko wapi.

Nilikuwa pia nimewapa kazi kwa kanuni ya "aliye karibu ndiye aende". Nimegundua kituo cha lebo kilikuwa kinasahaulika, kwa kuwa vigari vingi hukaa upande wa kujaza na daima kuna ombi lililo karibu zaidi. Sasa ombi likikaa linazidi kupanda thamani, likifika dakika mbili linatangulia bila kujali umbali. Hili nalo ninyi wakubwa mnalijua, nalitaja kwa atakayesoma baadaye.

Jumamosi tulipitisha chupa 192 za aina tatu, mizunguko 32 ya trei, bila mtu kugusa kigari.

Sasa la watu. Fundi seremala wa jirani amenichongea ufunguo wa mninga, mrefu kama mkono mpaka kwenye kiwiko, mzito. Unaning'inia ukutani mdomoni mwa kichochoro, kila upande mmoja, juu ya ndoano yenye swichi. Ukiutoa, kompyuta inahesabu kwamba kichochoro kimeombwa na mtu. Kama kuna kigari ndani, taa inabaki nyekundu mpaka kitoke. Ikiwa kijani, unapita. Nimeufanya mkubwa makusudi ili mtu asiusahau mfukoni. Na bampa zote sasa zinakata mota kwa waya, ndugu wa Ujiji, nimejigonga mguu mwenyewe kuzijaribu.

Jana mama mmoja wa kikundi, mtu mzima, ambaye tangu vigari vije alikuwa anazunguka nje ya jengo zima kwenda kwenye koki, aliutoa ufunguo. Taa ikawa kijani. Kigari namba 2 kilikuwa kinakuja na trei imejaa, kikasimama mdomoni. Akaingia, akafungua koki, akaangalia asali inavyoshuka, hakuharakisha hata kidogo. Akatoka, akautundika ufunguo, kigari kikaingia.

---

Mstaafu_wa_Reli

Mwanangu, funguo ni mbili, kila upande mmoja. Je, mtu wa huku akitoa wake, na wa kule akatoa wake kwa wakati mmoja?

---

FundiWaIsevya

Taa inawaka kwa aliyewahi tu, wa pili inabaki nyekundu mpaka wa kwanza atundike. Lakini nimekaa hapa naifikiria tena, mzee. Hao ni watu, wanaweza wasitazame taa. Kesho naondoa ufunguo mmoja. Utabaki mmoja, utatundikwa nje ya kichochoro mahali panapoonekana pande zote, na wa upande wa pili ataufuata.

---

Mstaafu_wa_Reli

Hapo sawa.